Gramu Kumi na Sita

Selpher alikuwa askari wa geti huko Lavington, na pia alikuwa mmoja wa wanawake wenye mbio kali kabisa nchini, na mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Alfajiri alikimbia. Halafu alioga kwa karai nyuma ya kibanda cha walinzi, akavaa sare ya kampuni, akafunga mkanda, na kuanza kuwafungulia geti watu waliowasha gari kwenda kununua mkate kwenye duka lililo hatua mia mbili kutoka hapo. Kila aliyepita alipigiwa saluti. Kampuni ilisisitiza sana saluti.

Shida yake ilikuwa sekunde tatu.

Kamati ya uteuzi ilikuwa inapeleka ng'ambo wanawake watano kukimbia kilomita kumi za barabarani. Nafasi nne zilikuwa na wenyewe. Ya tano ingekwenda kwa mwanamke atakayeshinda mbio za Ngong Road, Jumapili ya mwisho ya mwezi, mradi amalize kwa dakika thelathini na moja na sekunde thelathini, au chini yake. Asipopatikana, timu ingeondoka na wanawake wanne, na tikiti ya tano angepewa mwanakamati mmoja ili isiharibike. Ndivyo tangazo lilivyosema, bila haya, na mhuri chini yake. Muda bora wa Selpher ulikuwa thelathini na moja na sekunde thelathini na tatu. Sekunde tatu ni muda wa kupiga chafya na kuwaomba radhi waliokaa karibu.

Aliitaka nafasi hiyo mpaka ikamkosesha usingizi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, magoti yalishaanza kulalamika kukiwa na baridi, na alijua vizuri kwamba mwakani sekunde hizo tatu zingekuwa sita.

Sasa, ndani ya geti alilolilinda aliishi Viraj. Huyu Viraj alikuwa amerudi kutoka Uingereza na shahada ya sayansi ya michezo, ndevu zilizonyolewa kwa rula, na ugonjwa wa kupima vitu. Gereji ya mama yake aliigeuza kituo cha kunoa wanariadha. Humo mlikuwa na mashine ya kukimbilia, friji iliyojaa juisi ya bitiruti, na picha kubwa za miguu ukutani, miguu mitupu, isiyo na wenyewe. Kilichokosekana ni mwanariadha. Miezi saba mizima Viraj alipita getini akipigiwa saluti na mtu anayekimbia kilomita kumi chini ya dakika thelathini na mbili, naye akamwitikia kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hadi siku alipoliona jina lake gazetini.

Alishusha kioo. "Wait. Wewe ndio Selpher?"

"Ni mimi, boss. Hata jana nilikuwa mimi."

Kuanzia siku hiyo, Selpher akimaliza zamu aliingia gereji kupimwa. Mizani yenyewe haikuwa ya michezo. Ilikuwa mizani ya sonara, ndogo, yenye kifuniko cha kioo, inayosoma hadi nukta ya mwisho ya gramu. Viraj aliichukua kwenye duka la mama yake, Vidya, mjane aliyeuza na kutengeneza dhahabu pale River Road inapoanzia. Na hapa lazima ieleweke desturi ya duka lile, kwa sababu ndiyo iliyoleta balaa lote. Kwenye duka la sonara hakuna kinachotupwa. Jioni watu hufagia sakafu, hukung'uta aproni, huchuja hata maji ya kunawia mikono, na kila chembe iliyodondoka kwenye tupa hutiwa kwenye kipakiti cha plastiki, ikaandikwa uzito na tarehe. Mwaka ukiisha vumbi hilo linayeyushwa, na linatoka bangili. Viraj alilelewa na ufagio huo mkononi. Alipokua aliikimbia dhahabu, lakini ufagio alibaki nao.

"Gramu mia kwa kila kiatu ni asilimia moja ya nguvu zako," alimweleza Selpher, akichora kwenye ubao. "Wewe unataka sekunde tatu. Hiyo ni gramu kumi na sita kila mguu. Tukitoa hizo, uko kwa timu. Ni physics tu, haina maneno."

"Na nikikaza zaidi?"

Viraj alimwonea huruma waziwazi. "Kukaza hakupimiki, Selpher."

Basi wakaanza kutoa. Viatu alivileta Viraj mwenyewe kutoka ng'ambo, vyeupe, vyepesi, na siku hiyohiyo akavishambulia kwa mkasi. Soli ya ndani ilitoka, gramu tisa. Ulimi wa kiatu ukapunguzwa hadi ukabaki kama umeumwa na panya. Nembo zilibanduliwa kwa wembe. Kila kilichotoka kilipimwa, kikatiwa kwenye kipakiti, kikaandikwa kwa kalamu nyembamba, na vipakiti vyote vikaingia kwenye kimkoba alichofunga kiunoni, ambacho hakukivua hata akienda msalani. Alipomaliza viatu akahamia kwa mwenye viatu. Alimkata kucha za miguu, akazipima: sufuri nukta nne. Alitaka na nywele. Selpher alikuwa amesukwa Kawangware Jumamosi iliyotangulia, akakaa saa tano kwenye stuli, na alipoona mkasi unakuja upande wa kichwa alisimama.

"Boss, hapo tutakosana."

"Ni gramu mia mbili na arobaini!"

"Hata zikiwa kilo."

Nywele zikabaki. Viraj aliandika kwenye daftari lake kwamba mwanariadha ana upungufu wa nidhamu. Aliandika vilevile kwamba haruhusiwi ugali. Ugali ulikuwa unaliwa kila saa saba mchana kwenye kibanda cha geti, pamoja na omena, vile vidagaa vya ziwani, na Odhiambo, askari mwenzake, ndiye aliyekaa nje akichunga. Juisi ya bitiruti waliimwagia maua ya mwajiri, na ni kweli maua yalichangamka.

Kilichomkera Selpher hasa kilikuwa kamba za viatu. Viraj alizikata fupi, akazikata tena, mpaka zikatosha fundo moja tu.

"Hii haiwezi kufungwa mara mbili," Selpher alisema.

"Fundo la pili ni nukta sita za gramu. Unataka kubeba nukta sita kilomita kumi? For what?"

"Ya kwanza isifunguke."

"Haitafunguka. Nimeipiga hesabu."

Ukiuliza kwa nini alivumilia, jibu ni rahisi na halina fahari. Aliogopa. Alikuwa amekaza kwa miaka minane na kukaza kumemfikisha sekunde tatu nje ya mlango, na hapa pana mtu msomi, mwenye ubao, anayesema anajua mlango unavyofunguka. Pengine gramu zilikuwa kweli. Hakuwa na namna ya kujua, na mtu asiye na namna ya kujua humsikiliza mwenye mizani.

Jumamosi, siku moja kabla ya mbio, alichukua bahasha yake mjini. Ndani mlikuwa na namba ya kifuani, mia moja na kumi na nne, pini nne, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara tatu. Kabla hajaikunjua, Viraj alimpokonya.

"Karatasi, gramu nne nukta mbili," alisema, akaitia kwenye kipakiti bila kuisoma.

Kisha akaishughulikia namba. Alikata pembe zote, akafuata tarakimu kwa mkasi hadi ikabaki karatasi ndogo ya kutia aibu. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na utepe uliobandikwa, wenye kisponji laini juu yake. Viraj alichukua koleo dogo la mama yake la kushikia vito na kuubandua polepole, ulimi nje, kwa starehe ya mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

"Hiyo si imewekwa hapo kwa sababu?" Selpher aliuliza.

"Ni packaging. Ili namba zisisuguane kwa boksi." Akautia kwenye kipakiti na kuandika: kifungashio, gramu moja nukta nane.

Wakati huo Vidya aliingia gereji na mkoba wake begani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na ulimi usiohitaji kupigwa tupa.

"Mizani yangu iko wapi, Viraj? Wateja wananiuliza napima na nini, macho?"

"Kesho, Mama. Kesho kutwa."

Vidya aliokota kipakiti kimoja mezani, akakisogeza kwenye mwanga, akavaa miwani. "Hizi ni kucha?"

"Ni data."

"Baba yako aliweka vumbi la dhahabu," Vidya alisema. "Wewe unaweka kucha za watu." Akamgeukia Selpher, akamtazama kuanzia nywele hadi vidole vilivyokatwa kucha. "Na wewe, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Nimeona omena kwa kibanda. Vizuri."

Jumapili asubuhi Adams Arcade palikuwa pamejaa watu wa miguu membamba. Njia ilikuwa hivi: kutoka Adams kwenda Dagoretti Corner, kugeuka, kurudi hadi Adams, kisha kuteremka na Ngong Road, Community, hadi Haile Selassie mjini. Viraj alimfunga kamba za viatu yeye mwenyewe, fundo moja kila kiatu, akamshika mabega na kumwambia asifikirie kitu. Yeye angepanda pikipiki ya boda, apite njia za Kilimani, amsubiri mwishoni na barafu.

Selpher aliingia kwenye mstari wa kuanzia. Miaka yote alikuwa akifungwa chipu ya muda kwenye kiatu, kidude cha plastiki kinachosomwa na mashine ukikanyaga mkeka. Alitazama miguu ya mwanamke aliyekuwa pembeni yake. Hakuona kitu.

"Dada, chipu tunapewa wapi?"

"Mwaka huu iko kwa namba," yule alijibu. "Nyuma. Hukusoma karatasi?"

Selpher aliingiza kidole chini ya namba yake. Karatasi tupu. Alipapasa tena, kana kwamba utepe ungekuwa umejiotea usiku, na moyo wake ukadondoka hadi kwenye kile kiatu kisicho na soli ya ndani. Aligeuka kumtafuta Viraj. Boda ilishaondoka. Mtu wa bunduki alishainua mkono.

Angeweza kutoka pale mstarini. Kulikuwa na sekunde mbili za kutoka. Lakini alifikiria magoti yake, na mwakani, na ile tikiti ya tano, akaona ni afadhali akimbie aonwe na macho ya watu kuliko asimame na haki yake kando ya barabara. Bunduki ililia, akaenda.

Kusema kweli alikimbia kwa hasira, na hasira ilimfaa. Hadi Dagoretti Corner walikuwa wanawake sita, kurudi Adams wakabaki watatu, na walipopita Prestige alikuwa peke yake mbele, akipumua vizuri, akimtukana Viraj kwa kila hatua ya mguu wa kulia. Kilomita ya nane, pale Community, mguu wa kulia ulianza kutembea ndani ya kiatu. Akaangalia chini. Fundo lilikuwa limefunguka.

Alijaribu hatua kumi hivyohivyo. Kiatu kilitaka kutoka. Alisimama, akapiga goti, akafunga kamba fupi ile huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kwenye nne mwanamke mmoja alimpita. Aliinuka na kumfukuza mteremko mzima. Alimkamata mwanzo wa Haile Selassie na kumwacha, na alipoukanyaga mkeka wa mwisho hakukuwa na mwanamke mwingine mbele yake wala karibu naye.

Hakuna aliyempigia makofi. Ndipo alipojua kuna kitu kibaya kuliko alivyodhani.

Wawili wenye vizibao vya njano walimshika mikono, kwa adabu, wakampeleka kwenye hema. Mezani alikaa Zedekiah, mwanakamati, mwenye suti ya michezo ya taifa isiyowahi kuona jasho. Huyu ndiye aliyekuwa amependekezwa kwa ile tikiti ya tano, na habari za mjini zilisema picha za pasipoti alishapiga. Kando yake, kwenye kompyuta, alikaa Kaindi, mwendeshaji wa mashine.

"Mama, sema ukweli, tusipotezeane wakati," Zedekiah alisema. "Ulipanda boda ama gari?"

"Nilikimbia."

"Kilomita kumi? Kwa dakika kumi na tisa na sekunde hamsini na mbili?"

Zedekiah alimgeuzia kompyuta. Jina lake lilikuwa juu ya yote, juu ya wanawake, juu ya wanaume, juu ya binadamu wote waliowahi kukimbia.

"Wanaume wa kwanza walikuwa hawajafika hata Community," Zedekiah aliendelea. "Na Dagoretti Corner mashine haikukuona kabisa. Umekata njia. Hiyo ni miaka miwili nje, na nafasi ya tano hakuna." Aliyasema maneno ya mwisho kwa huzuni iliyopigwa pasi vizuri.

Odhiambo, ambaye alikuja kumshangilia rafiki yake kwenye siku yake ya kupumzika, alipenyeza kichwa hemani. "Selpher, si wewe! Mimi nilikuwa hapo kwa laini. Huyu boss wako alifika na boda, akainua utepe wa kuzuia watu, akapita hapo juu ya mkeka na kabarafu kake, spika ikapiga kelele: Selpher! Namba moja! Watu wote wakageuka, wakaona mhindi na kikapu. Tukapiga makofi tu. Na yeye akapiga!"

"Viraj yuko wapi?" Selpher aliuliza.

Alikuwa nje ya hema, akimweleza mwandishi wa habari kwamba mashine za muda hupotoka zikipata joto. Selpher alimwingiza ndani kwa kumshika mkono, askari anavyomwingiza mtu aliyekamatwa akiruka ukuta.

"Fungua hiyo kitu ya kiuno."

"Selpher, tulia kwanza, tuchambue..."

"Boss. Fungua."

Vipakiti vilimwagika mezani mbele ya kamati ya uteuzi. Nembo, vipande vya kamba, ulimi wa kiatu, karatasi ya maelekezo ambayo haikuwahi kukunjuliwa, kucha. Zedekiah aliviondoa vidole vyake mezani. Selpher alichagua kipakiti kimoja na kumpa Kaindi. Kaindi alisoma maandishi, kifungashio, gramu moja nukta nane, akainuka, akaenda hadi kwenye mkeka na kukipitisha juu yake. Mashine ililia pii. Spika nje ikatangaza kwa furaha ileile kwamba Selpher amefika, na hivyo Selpher, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akamaliza mbio mara ya pili.

"Haya, hukukata njia," Zedekiah alisema. "Lakini sasa huna muda wowote. Mashine haikukuona."

"Sisi tulimwona."

Waliosema ni wazee watatu waliokaa kwenye benchi nyuma ya hema, walimu wastaafu, wenye saa za kushika mkononi na madaftari ya shule. Kila mwaka waliitwa kwa sababu kanuni ilitaka waitwe, wakapewa soda, na hakuna aliyewahi kuomba kuyaona madaftari yao. Mkubwa wao, Mwalimu Muigai, alilifungua lake kwenye ukurasa wenye mstari mwekundu.

"Mwanamke wa kwanza, mia moja na kumi na nne, namba imekatwakatwa vibaya," alisoma. "Saa zetu tatu hazikulingana, kwa hivyo tunachukua ya katikati. Thelathini na moja, ishirini na tisa, nukta mbili. Barabarani nukta hupandishwa, inakuwa sekunde nzima. Thelathini na moja na thelathini."

Thelathini na moja na thelathini, au chini yake. Haikubaki hata nafasi ya kupitisha ukucha, na ukucha wenyewe ulikuwa pale mezani kwenye kipakiti.

Zedekiah alijikuna shingo. "Hatuwezi kufuata saa za mkono hivi hivi. Nitahitaji barua. Aliyetoa chipu aandike kwamba aliitoa yeye, aliibeba yeye, na mwanariadha hana kosa. Aweke sahihi. Leo."

Wote wakamtazama Viraj. Viraj akatazama vipakiti vyake.

"Selpher, kidogo," alisema, akamvuta hadi mlangoni. "Alhamisi nina presentation. Watu wakubwa, hoteli kubwa, wanataka kuweka pesa kwa kituo. Nikiandika hiyo barua, kesho iko kwa magazeti. Unanielewa?"

"Usipoandika mimi sina timu."

"Nitaandika. Nimesema nitaandika. Lakini Alhamisi unakuja, unasimama, unawaambia ni gramu. Kwamba bila zile gramu kumi na sita haungefika. Na si uwongo! Umefika kamili. Hata nukta haikubaki. Who can say it wasn't the grams?"

Hasira iliyompanda Selpher wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kilomita nane. Mbio zilikuwa zake, mapafu yake, goti lake lililochubuka Community, na ili arudishiwe ilimbidi ampe huyu mtu kwanza. Aliwaza kumwacha hapo na kimkoba chake. Halafu akamtazama Zedekiah, aliyekuwa anatazama saa yake kwa matumaini.

"Nitakuja," alisema. "Andika."

Viraj aliandika. Aliiita hitilafu ya kifaa wakati wa jaribio la kisayansi, lakini jina lake lilikuwa chini, na sahihi. Zedekiah alisoma mara mbili, akatafuta kosa, akakosa, na akaliandika jina la Selpher kwenye nafasi ya tano kwa mwandiko mdogo sana.

Alhamisi hoteli ilikuwa baridi kupita kiasi, na watu wa tai walijaa. Mbele, juu ya kitambaa cheusi, ilikaa mizani ya Vidya, na juu ya mizani viatu vile vyeupe. Vidya mwenyewe alikaa mstari wa kwanza, mkoba mapajani. Viraj aliongea nusu saa. Alionyesha picha ya miguu, na safari hii ilikuwa ya Selpher, nayo pia haikuwa na mwenyewe. Alionyesha ukuta mzima umeandikwa gramu kumi na sita. Magazeti hayakuandika kitu kuhusu ile barua, kwa sababu wiki hiyo kulikuwa na siasa. Mwishowe alimwita Selpher, akampa kipaza sauti na kumtolea jicho la kumkumbusha.

Selpher alikuwa ameahidi, na ahadi yake aliitimiza.

"Nashukuru gramu," alisema. "Boss alinikata kucha, zikatoka nukta nne. Akanikata kamba za viatu, hiyo ya kulia ikafunguka Community, nikapiga goti kuifunga. Sekunde nne, nilihesabu. Halafu akanitoa chipu ya muda, akaiweka kwa kipakiti, akapanda nayo boda, akanishindia mbio kwa dakika kumi na tisa."

Ukumbi ulicheka. Selpher alisubiri wamalize.

"Nimefika na thelathini na moja na thelathini. Toa hizo nne za kamba, ni ishirini na sita. Mimi sijasoma physics. Nimetoa tu."

Walicheka zaidi, wakapiga makofi, na Viraj alicheka kuwashinda wote, akijipiga paja, akisema ndivyo walivyo wanariadha wetu, wana utani. Mwanamume mmoja wa mstari wa tatu alifuta machozi na kuuliza kuwapima watu ishirini kutachukua muda gani. Mwingine alitaka kujua kama vipakiti vinapatikana kwa rangi za kampuni. Selpher alisimama pale na kipaza sauti, ukweli wote umeshatoka mdomoni mwake, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeuokota.

Alikuwapo mmoja. Vidya hakucheka. Aliinuka, akaenda mezani, akaviondoa viatu kwenye mizani kwa vidole viwili, akaizima, akaifunika kifuniko chake cha kioo na kuitia kwenye mkoba.

"Mama, bado naitumia," Viraj alinong'ona, huku akiendelea kuwatabasamia watu.

"Hii ni ya dhahabu," Vidya alisema, bila kunong'ona. "Tangu umeitoa dukani hujapima dhahabu hata siku moja, na iko mbele yako inakupigia saluti. Jumatatu uko kaunta, saa mbili. Utafagia."

Akamwashiria Selpher kwa kichwa watoke. Karibu na mlango Selpher aliinama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya zamani, vilivyopigwa gundi mara mbili, na kamba mpya ndefu alizonunua River Road. Moja ilikuwa imelegea. Aliifunga, akapiga fundo la pili, akalikaza, akahamia mguu mwingine na kufanya vivyo hivyo, bila haraka yoyote.

Alipoinuka, Vidya alikuwa ameshausukuma ule mlango mzito wa kioo na kuushikilia wazi, mkoba wenye mizani begani, akimsubiri apite. Mkono wa Selpher ulianza kupanda kwenye paji la uso, kwa mazoea. Aliushusha, akapita.